Mshale wa Kumi na Mbili

Alikuja Jumatatu, Gwandu wa Mbulu,
na fito kumi na mbili za mkole alizozifunga kwa mpira wa baiskeli,
akasimama mlangoni pa karakana yetu, Pasua,
kati ya kitanda cha bwana harusi na kabati lisilo na mwenyewe.
"Nataka mishale," akasema. "Si ya ukutani. Ya kuruka."

Mimi ni mpiga vanishi.
Naijua pati: unga wa mbao na gundi, unakanda, unaziba,
palipopasuka panakuwa pazima machoni pa mnunuzi.
Kitanda, Mungu anisamehe, kinajua kusema uongo
na watu wanaulalia.

Lakini ufito, ukiuzungusha juu ya ukucha wa kidole gumba,
unatetemeka pale ulipopinda. Pale pale.
Haubembelezeki.

Basi nikawasha jiko la mkaa.
Nikazipaka fito mafuta ya kondoo, nikazipitisha juu ya joto,
si motoni, juu ya joto,
kama unavyobabua jani la mgomba lisikupasukie,
nikazibana kwa magego, nikakunja, nikangoja zipoe.
Vijana wa randa wakacheka: "Aikaruwa anakula mbao!"
Siku tatu chai yangu ilikuwa na ladha ya moshi.

Msasa wa themanini, kisha wa mia na ishirini,
kisha kipande kikuukuu kilichochoka kukwaruza,
kinapapasa tu, kama kiganja.
Manyoya ya kanga nilinunua Mbuyuni, matatu kwa kila mshale,
yote ya bawa la upande mmoja;
ukichanganya kulia na kushoto, alinionya Gwandu,
mshale unagombana na nafsi yake hewani.
Kano za mbuzi nikazitafuna mpaka zikalainika, nikafunga.
Chembe zilikuwa misumari ya inchi sita
iliyofuliwa hadi ikasahau useremala.

Alhamisi ufito mmoja ukanikatikia mkononi. Ta!
Sikumwambia mtu.
Nikapanda Kibosho kwa mama.
Kando ya banda la ng'ombe, ile mibuni aliyoing'oa
mwaka ule bei ya kahawa ilipomtukana
bado imelala, imepauka kama kisigino cha kiangazi.
Nikachagua tawi. Hakuniuliza la nini.
"Chukua," akasema. "Angalau moja lifike mahali."

Mbuni ni mgumu, unakula msasa.
Siku mbili nzima nikauchonga, nao ukanichonga vidole.
Kisha vanishi, tabaka moja, jepesi, kwa kitambaa,
maana Julai ya Moshi haikaushi kitu,
na ukiharakisha, ukungu mweupe huingia ndani ya rangi
usitoke tena.
Nikaitundika yote kwa uzi juu ya lile kabati,
ikaning'inia
kama mvua iliyokatazwa kufika chini.

Jumamosi, kiwanja cha shule, gunia la maranda.
Mishale kumi na mmoja iliingia guniani kwa sauti ya mtu anayemeza.
Wa kumi na mbili uliondoka vizuri,
nikayaona manyoya yakizunguka, nikasimama kwa ncha za vidole,
kisha ukainama mapema
ukachoma nyasi, hatua kumi kabla.

Gwandu akauokota, akaupima kiganjani.
"Huu si mkole."
"Si mkole."
"Umenyooka kuliko yote," akasema. "Ila una mzigo."
Akanilipa ya kumi na mmoja, akaniachia wangu.

Vijana walitaka niutundike juu ya mlango.
Nimeutoa chembe. Sasa naukorogea vanishi,
kila siku unavaa tabaka jingine, unanenepa.
Juzi mama akauliza kwenye simu
kama lile tawi lilifika.
Nikamwambia limefika, mama.
Lina kazi.